Mtoto Akikuuliza Mezani

SOMO LA FAMILIA
Soma kwanza: Kutoka 12:24–27, Kutoka 13:8 na 14, Kumbukumbu la Torati 6:20–25

Kabla sijafundisha, wacha nianze kwa kuungama.

Nina kovu refu kwenye mkono wa kushoto. Wengi wenu mnajua nililipata wapi, maana nimelishuhudia mbele ya kanisa mara nyingi. Nilikuwa mlevi wa chang'aa, nikapigana usiku, nikakatwa na panga, na Bwana akaniokoa mwaka uliofuata. Nikimaliza, mnapiga makofi na kusema amina. Lakini kifungua mimba wangu alipokuwa na miaka 8, aliniuliza tukiwa mezani, "Baba, hapa ulikatwa na nini?" Nikamjibu, "Kula, chakula kinapoa. Wacha maswali."

Hakuuliza tena. Jibu alilipata miaka 6 baadaye, akiwa kwenye benchi na vijana wenzake, kupitia maikrofoni. Leo ana miaka 24, na kanisani haji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia bora nilikuwa nimeonyeshwa kwa macho yangu.

USIKU NILIOTUMIKA MEZANI

Siku hizo nilikuwa mpishi katika nyumba ya familia moja ya Kiyahudi, Nairobi. Ikafika Pasaka yao. Sisi tukisema Pasaka tunafikiria kufufuka kwa Yesu. Wao hukumbuka usiku Mungu alipowatoa Misri. Siku kadhaa kabla, tulitoa ndani ya nyumba mkate, unga, biskuti na kila kitu chenye chachu. Jioni wakaketi, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, alikuwa na kitabu mkononi.

Kitabu hicho kinaitwa Hagada. Ni neno la Kiebrania lenye maana ya kusimulia, na limetoka kwenye agizo la Kutoka 13:8, kwamba mzazi amweleze mwanawe siku hiyo yale Bwana aliyomtendea. Mlo wenyewe huitwa Seder, yaani utaratibu, kwa sababu kila kitu kina zamu yake: vikombe vinne, mkate usiotiwa chachu, mboga chungu, maombi na nyimbo.

Aliyeanza kuulizwa-ulizwa si mtoto. Mtoto ndiye alikuwa muulizaji! Msichana mdogo kabisa pale nyumbani, labda wa miaka 6, aliuliza mbona usiku huo mambo yamebadilika: mbona mkate ni huu bapa, mbona mboga ni chungu, mbona wanachovya mara mbili, mbona wanaegemea vitini. Nyumba nzima ikanyamaza. Babu yake akavaa miwani, akaanza kumjibu. Jibu hilo lilichukua karibu usiku wote.

Nami nikaosha vyombo, nikaenda kwangu, na mwaka ule ule nikamwambia mwanangu awache maswali.

Familia ile ilipohama nchi, waliniachia nakala moja kuukuu, Kiebrania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ilikaa kabatini miaka mingi. Nimeisoma sawasawa juzi tu, Biblia ikiwa kando. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. IMANI INA KITABU CHA MEZANI

Hekalu la Yerusalemu liliharibiwa mwaka 70. Wayahudi wakabaki bila madhabahu na bila mwana-kondoo wa Pasaka. Ungedhani sikukuu imeisha. Lakini meza ya nyumbani ilikuwa bado ipo. Walimu wao wakaweka utaratibu wa mtoto kuuliza na baba kufundisha, kila mtoto kwa kadiri ya ufahamu wake. Utaratibu huo umeandikwa katika Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200.

Tangu hapo vitabu hivi vimesafiri sana. Hagada moja yenye picha za kupendeza ilichorwa Uhispania karibu na mwaka 1350. Wayahudi walifukuzwa nchi ile mwaka 1492, na mwaka 1894 kitabu hicho kikauzwa kwa jumba la makumbusho la Sarajevo. Mwaka 1942 Wanazi walipokitaka, Mwislamu aliyefanya kazi pale, Derviš Korkut, alikificha. Na unajua kurasa zake zina nini? Madoa ya divai. Mali yenye thamani kubwa namna hiyo ilikuwa inatumika mezani, watoto wakiwa karibu!

Nyingine si za thamani. Tangu miaka ya 1930, kampuni ya kahawa ya Maxwell House kule Marekani imegawa Hagada za bei ya bure kwa wanunuzi wa kahawa yake, na nyumba nyingi hazijui nyingine. Tajiri kwa maskini, kila mmoja anapata kitabu chake.

Sasa tujiulize. Sisi tuna maikrofoni, tuna spika, tuna kesha na mikutano ya injili. Mezani kwetu tuna nini? Kuombea chakula kwa nusu dakika, halafu TV.

2. SWALI HUTANGULIA JIBU

Mambo mengi ya Seder hufanywa ili mtoto ashangae. Majani yanachovywa kwenye maji ya chumvi, mfano wa machozi ya utumwani. Kuna mchanganyiko wa matunda, njugu na divai unaofanana na udongo wa kujengea. Kipande cha mkate kinafichwa, na watoto wanakitafuta kwa zawadi, wasije wakasinzia kabla ya mwisho. Mkate wenyewe lazima uokwe kabla ya dakika 18 kupita tangu unga ukutane na maji, kwa sababu baba zao walitoka Misri mbio-mbio. Hata asiyependa kusoma ataonja, atatafuna, atauliza.

Wazazi wengi tunafikiri swali la mtoto ni utovu wa heshima. Lakini soma Kutoka 12:26. Mungu alitazamia mtoto aulize, na aliagiza mzazi awe na jibu tayari.

3. WATOTO WANNE, MEZA MOJA

Hagada inaeleza watoto wanne, na kila mmoja ametolewa kwenye andiko. Wa kwanza ni mwerevu, anataka kujua amri zote (Kumbukumbu la Torati 6:20). Wa pili ni mkaidi, anauliza kana kwamba ibada ni ya wazazi na yeye haimhusu (Kutoka 12:26). Wa tatu ni mnyenyekevu wa akili, anauliza tu hiki ni nini (Kutoka 13:14). Wa nne hajui hata kuuliza, na kwake mzazi ndiye anayeanza (Kutoka 13:8).

Huyo mkaidi anajibiwa kwa ukali, sitawaficha. Lakini angalia ameketi wapi. Yuko mezani! Hajafukuzwa, na swali lake limeandikwa kitabuni ili lisomwe kila mwaka. Mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Wangu nilimfanya kuwa wa nne kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu nikamlaumu alipokuwa wa pili.

4. UCHUNGU HAUFICHWI

Mboga chungu inaliwa na kila mtu. Hadithi yao inaanza na aibu: kwamba baba zao waliabudu sanamu, kwamba walikuwa watumwa wa Farao. Wakitaja mapigo 10, hupunguza tone la kikombe kwa kila pigo, na wengi wao hueleza kwamba furaha haiwezi kujaa kabisa wakati Wamisri walikufa. Na jambo lililonishangaza kuliko yote: Musa, yule nabii mkuu, anatajwa kwa kupita tu. Sifa zote ni za Mungu.

Ndugu, sisi tunapenda ushuhuda wenye shujaa, na mara nyingi shujaa ni mimi. Nilikuwa hivi, sasa niko hivi, angalieni gari. Watoto wetu wanaoishi nasi wanajua sehemu tulizoruka.

5. KILA KIZAZI KITOKE MISRI

Hagada inamtaka kila mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Si babu yake pekee. Jambo hilo liko hata karibu nasi. Ng'ambo ya Mlima Elgon, karibu na Mbale, wako Abayudaya, Waganda walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 wakimfuata Semei Kakungulu. Idi Amin aliipiga marufuku. Wengi wakaiacha, wachache wakashika kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pasaka ya Wayahudi ilipoanza. Wazazi wale walikuwa na la kuwaambia watoto wao.

SISI TUFANYE NINI?

Sisemi tuanze kuigiza Seder. Hagada ni ya Wayahudi, na sehemu kubwa ilipangwa baada ya hekalu kuanguka, kwa hiyo tusiseme Yesu aliisoma ukurasa kwa ukurasa. Tunachojua ni kwamba alitamani sana kula Pasaka na wanafunzi wake (Luka 22:15), kwamba waliimba kabla ya kutoka (Mathayo 26:30), na kwamba Paulo anamwita Kristo Pasaka wetu (1 Wakorintho 5:7). Yeye naye alifundishia mezani.

Tunachoweza kuchukua ni agizo la Musa, ambalo ni letu sote. Chagua mlo mmoja wiki hii. Zima TV, simu ziwekwe mbali. Waambie watoto wako Bwana alikutoa wapi, kwa maneno yao, na uchungu wake ukiwemo. Halafu nyamaza, waulize.

Mimi nimefanya hivyo. Jumapili ya Pasaka iliyopita mwanangu alikuja kula nasi. Nikaweka mkono mezani, nikamwambia, "Uliniuliza hili kovu ukiwa mdogo, nikakunyamazisha. Nisamehe. Nataka kukujibu." Nikasimulia yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na mama? Ulikuwa unampiga?" Mama watoto akaangalia sahani. Hilo sijawahi kulisema kwenye maikrofoni. Nikasema, "Ndiyo. Nilimpiga. Na nilimwomba msamaha, na leo naomba tena mbele yako."

Hakusema amina. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia." Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Lakini Jumatano alipiga simu, na alikuwa na swali lingine. Tuliongea mpaka salio likaisha.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kati ya wale watoto wanne, ni yupi aliye nyumbani kwako? Unamjibu namna gani?
2. Ni sehemu gani ya ushuhuda wako ambayo kanisa limeisikia na watoto wako hawajaisikia?
3. Watoto, ni swali gani mngependa kumuuliza baba au mama kuhusu imani yake?

TUOMBE

Baba, tusamehe tulipofunga vinywa vya watoto uliotupa. Tupe ujasiri wa kusema ukweli mezani kwetu, na uvumilivu wa kusikiliza. Wale waliotoka nyumbani mwako, waite kwa jina. Katika jina la Yesu, amina.