Kioo cha nyuma kimepasuka? Kibadilishe mwenyewe

Simu imeanguka chali. Skrini nzima, mgongo wote nyufa. Usiikatie tamaa, wala usikubali kuishi na selotepu mwaka mzima. Kwenye simu nyingi kioo cha nyuma kimeshikwa na gundi tu, na gundi hulegea kwa joto. Kazi hii inataka subira kuliko inavyotaka ufundi. Tenga mchana mmoja usio na haraka.

Kwanza jua simu yako ni ya kundi gani, maana hapo ndipo wengi hupotea. Galaxy S za Samsung zenye kioo nyuma, kuanzia S6 ya 2015, hufunguliwa kwa kupasha joto kingo. Hizo unaziweza. iPhone kuanzia 8 ya 2017 hadi 13, pamoja na 14 Pro, ni habari nyingine. Kioo chake kimegandishwa mgongo mzima, na bila mashine ya leza utaishia kukwangua vipande kimoja kimoja huku ukihatarisha nyaya za ndani. Hiyo mpelekee fundi mwenye leza. iPhone 14 ya kawaida na zote za 15 zimeundwa upya na mgongo wake hufunguka, lakini kuna skrubu na waya wa kuchomoa ndani. Usijifunzie kwenye hizo.

Halafu hakikisha kweli ni kioo. Galaxy S21 ya kawaida na S20 FE zina mgongo wa plastiki, na simu nyingi za bei nafuu ziko hivyo hivyo. Plastiki haimwagi vipande, kwa hiyo kazi yake ni nyepesi zaidi.

Hapa nitakuonyesha kwa Galaxy S10 ya 2019. Mgongo wake ni kioo, na hakuna waya wowote ulioshikana nao. Kama yako ni S8, kuwa makini zaidi: kisoma alama za vidole kipo mgongoni, na waya wake umeunganishwa na ubao wa ndani. Ukivuta kwa pupa utaukata.

Kabla hujaenda dukani, fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, soma namba ya modeli. SM-G973F ni S10. SM-G970F ni S10e. SM-G975F ni S10+. Tatu hizi zinafanana jina, lakini vioo vyake haviingiliani. Piga picha ya skrini, muonyeshe muuzaji. Usimwambie "nipe cha S10" ukadhani mmeelewana.

Ukifika kwa wauza spea, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, usilipe kabla hujakishika kioo mkononi. Kilaze juu ya mgongo wa simu yako. Matundu ya kamera yakae sawasawa. Angalia na kidirisha cha flashi: kwenye S10 na S10+ kando ya flashi kuna kihisi cha mapigo ya moyo, nacho kinahitaji nafasi yake. Chagua kioo chenye lenzi za kamera zilizokwisha kupachikwa. Kuhamisha lenzi kutoka kioo kilichovunjika ni mateso, na bei ya ziada inalipa. Ukipata chenye gundi ya tepu iliyokatwa kwa umbo la simu, chukua hicho. Kama hakuna, nunua gundi ya B-7000. Fundi simu yeyote anaijua.

Usinunue supaglu. Ikikauka inakuwa ngumu kama jiwe, siku ya kubadilisha betri hutaweza kufungua. Tena mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi za kamera, na ukungu huo ni shida kuutoa.

Vifaa vingine vingi unavyo nyumbani. Draya ya nywele. Kama huna, azima saluni ya jirani. Kadi za plastiki: ile kadi ulimobandua laini ya simu inafaa sana, ni ngumu kiasi na kingo zake hazikwaruzi. Kata vipande vitatu au vinne vyenye ncha ya mviringo. Tafuta pia kikombe cha mpira cha kunyonya, kibanio kidogo, selotepu pana ya kufungia maboksi, rababendi, kitambaa laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Petroli na thina viache. Vinaharibu plastiki na rangi.

Sasa usalama, na hapa sitaki ujadiliane nami. Vaa miwani ya kukinga macho. Vaa glavu. Vipande vya kioo hiki ni vyembamba mno. Vikiingia kidoleni huvioni, unavisikia tu. Tandika gazeti mezani, na watoto wasiwepo karibu.

Shusha chaji hadi chini ya asilimia 25, kisha zima simu kabisa. Betri ya lithiamu yenye chaji ndogo huwa na hatari ndogo ikitokea bahati mbaya. Weka bakuli la mchanga mkavu karibu. Kama mgongo umejiinua wenyewe kabla hata ya kuanguka, huenda betri imevimba. Usiipashe joto, usiibonyeze, usiichokonoe. Ipeleke kwa fundi leo.

Kabla ya kuizima, hamisha picha na namba zako kwenye akaunti yako au kwenye kompyuta, kisha toa laini.

Tuanze. Bandika selotepu pana juu ya mgongo wote uliopasuka, vipande vikipandana kidogo. Selotepu inafanya kazi mbili: inashika vigae visiruke, na inakipa kikombe cha kunyonya mahali laini pa kushika. Kwenye nyufa tupu hakishiki, hewa inapita.

Washa draya na uipitishe ukingo mmoja, ukienda na kurudi, dakika mbili hadi tatu. Usiitulize mahali pamoja. Unataka mgongo uwe wa moto kiasi kwamba kidole kinastahimili kwa taabu, si zaidi. Usijaribu pasi, wala jiko.

Kabla hujachomeka kadi, geuza simu uitazame ubavuni. Utaona mistari miwili: mmoja kati ya fremu na skrini, mwingine kati ya fremu na kioo cha nyuma. Kwenye S10 skrini imepinda pembeni, kwa hiyo ni rahisi kuchanganya. Hakikisha uko kwenye mstari wa nyuma. Kadi ikiingia upande wa skrini, umeua skrini, na skrini ndiyo spea ya gharama kubwa kuliko zote.

Bandika kikombe karibu na ukingo wa chini. Vuta kwa nguvu ya wastani bila kuachia, subiri. Gundi haiachii kwa kushtukizwa, inaachia polepole. Upenyo ukitokea, hata wa unywele, ingiza ncha ya kadi. Isipotokea, usiongeze nguvu. Ongeza joto, rudia.

Kadi ikishaingia, dondoshea tone moja la alkoholi kwenye upenyo, subiri kidogo, kisha telezesha kadi kuelekea kona. Iache hapo ili gundi isijishike tena. Chukua kadi ya pili, endelea ubavu unaofuata. Kila ubavu upate joto lake upya. Usizamishe kadi zaidi ya milimita chache: chini ya kioo kuna koili ya kuchajia bila waya na antena ya NFC, na chini yake betri. Kwenye kona kioo kimepinda, nenda taratibu zaidi. Kuzunguka kamera nako gundi ni nyingi.

Kama kioo kimesagika na kinatoka vipande vipande, fanya hivyo hivyo kwa vipande. Pasha, inua kwa kibanio, weka kwenye gazeti. Inachosha, lakini inawezekana. Kimoja kisibaki kwenye fremu. Kigae kidogo kama punje ya chumvi kinatosha kukiinua kioo kipya na kukipasua siku ya kwanza.

Mgongo ukitoka, utakuta mabaki ya gundi ukingoni. Hapa tumia muda wako. Lowesha kitambaa kwa alkoholi kidogo, pangusa, kwangua kwa kadi, pangusa tena mpaka fremu iteleze chini ya kidole. Wengi huharakisha hapa, na ndiyo maana vioo vyao hubanduka baada ya wiki. Usimwage alkoholi ndani ya simu, ilowe kitambaani.

Kusanya vigae vyote, vifunge ndani ya gazeti, zungushia selotepu, ndipo utupe. Mtu anayechambua takataka ana mikono kama wewe. Fagia chini pia, kuna watakaopita peku.

Kabla ya gundi, jaribu. Laza kioo kipya kikavu, washa simu, piga picha moja ukiangalia kona zote nne za picha. Washa flashi. Iweke juu ya chaja isiyo na waya kama unayo. Kama huna, S10 yenyewe inaweza kuchajisha simu nyingine yenye uwezo huo: washa Wireless PowerShare, zigusishe migongo. Chaji ikiwa ndogo mno huenda ikakataa kuwaka, basi chomeka waya kwa muda. Kikisita chochote, ni rahisi kukirekebisha sasa kuliko baada ya gundi kukauka.

Zima tena. Puliza vumbi kwenye kamera, usiziguse kwa kidole. Bandua karatasi ya kinga upande wa ndani wa lenzi za kioo kipya. Watu huisahau, kisha hulalamika picha zina ukungu. Kama una gundi ya tepu, ipashe fremu joto kidogo, linganisha kwanza upande wa kamera, ndipo ukilaze kioo chote. Kama ni B-7000, chora uzi mwembamba kuzunguka fremu, usiokatika. Nyingi si nzuri, itatokeza nje na kuingia kwenye matundu ya maiki. Subiri dakika chache inate, ndipo ukandamize.

Funga rababendi kadhaa, huku kitambaa kikilinda skrini, au laza simu chini ya vitabu vizito. Iache usiku mzima. B-7000 hushika mapema, lakini nguvu yake kamili huja baada ya siku moja hadi mbili. Ndani ya muda huo usiivalishe kava linalobana, wala usiibebe kwenye mfuko wa nyuma wa suruali.

Jambo la mwisho ulijue kabla hujafurahia: S10 ilitoka kiwandani na kiwango cha IP68 cha kuzuia maji. Baada ya kuifungua nyumbani, usikitegemee tena. Isikae karibu na beseni, isiingie bafuni, mvua ikinyesha itie kwenye mfuko wa plastiki. Na nunua kava lenye kona zilizoinuka, uivalishe siku ya tatu, gundi ikishakauka kabisa.