JINSI YA KUPIMA HALI YA SARAFU KUUKUU

Katika nyumba nyingi hapa kwetu, nyanya na babu bado wameweka sarafu za zamani ndani ya mkebe: ndururu zenye tundu katikati na shilingi zenye picha ya simba na milima. Siku mnunuzi anapobisha hodi, utaona watu mbio mbio wakizisugua kwa jivu na waya wa sufuria, ati zing'ae. Maskini! Kumbe wanaishusha bei kwa mikono yao wenyewe. Ndiyo sababu nimeonelea tujifunze somo hili.

Hali ya sarafu ni kiasi ilivyochakaa tangu itoke kiwandani. Sarafu ikipita mikononi na mifukoni, sehemu zilizoinuka ndizo huliwa kwanza. Tuchukue mfano wa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka wa 1921. Mtazame yule simba, kisha uamue daraja:

1. Hafifu: simba amebaki kivuli tu, na mwaka unasomeka kwa shida.
2. Wastani: umbo lote laonekana, lakini manyoya ya shingo yamefutika.
3. Nzuri: manyoya mengi yaonekana, yaliyoinuka zaidi tu ndiyo yamelainika.
4. Nzuri sana: ni alama ndogo tu za kuchakaa, tena mpaka uchunguze.
5. Mpya: haijachakaa popote.

Huko Marekani, mwaka wa 1949 William Sheldon alibuni kipimo cha alama 1 hadi 70. Leo wakusanyaji hukitumia sana, na sarafu isiyochakaa huanzia alama 60.

Unapokagua, ishike sarafu kwa ukingo, wala usiiguse uso, maana jasho la vidole huacha madoa. Iinamishe polepole karibu na taa. Mng'ao wa kiwandani hutembea juu ya sarafu kadiri unavyoigeuza. Iliyosuguliwa nayo hung'aa, lakini mng'ao wake umekufa, na utaona mikwaruzo myembamba imelala upande mmoja. Mikwaruzo hiyo haiondoki tena. Ile rangi ya kahawia juu ya sarafu ya shaba si uchafu jamani, ni umri wake. Iacheni!

Tazama pia kama imetobolewa ili ivaliwe mkufuni. Tundu la ndururu lilitoka nalo kiwandani. Tundu la shilingi ni kilema.

Jambo jingine: uzee peke yake si bei. Shilingi ya 1923 ni adimu kuliko ya 1924, kwa kuwa za 1924 zilitengenezwa nyingi mno. Pia shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi, lakini kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Kwa hivyo soma mwaka kwanza, kisha upime hali, ndipo uzungumze bei. Asiyejua hali ya mali yake hupangiwa bei na mnunuzi.

Mwisho, ifunge kila sarafu katika karatasi yake kavu, zisigongane. Mwenye macho haambiwi tazama!

ZOEZI: Chukua shilingi tano za kawaida kutoka dukani. Zipange kuanzia iliyochakaa zaidi hadi iliyo mpya zaidi, kisha umweleze mwenzako sababu zako.