Umealikwa Kambi ya Wapagani? Jiandae Hivi

Mwenzako wa kazini amekualika. Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana, kwenye shamba moja nje ya mji, hapa Uingereza. Kutakuwa na mahema, moto, ngoma na ibada za Wicca. Umeshasema ndiyo, au ulimi uko karibu kusema.

Nenda. Mimi nimekwenda mara kadhaa kama mgeni, na sijajuta. Ukijua kuingia kwenye msiba wa watu wa dini nyingine bila kuharibu kitu, nusu ya kazi umeshaimaliza. Nusu iliyobaki ni kitu cha kulalia.

Anza na maneno. Usiite watu hawa wachawi. Kwetu mchawi ni mtu anayeloga, adui wa jirani yake. Mtu wa Wicca akijiita "witch" anataja dini yake: anamheshimu mungu wa kike na wa kiume, anafuata mzunguko wa misimu, na mafundisho yake yanamkataza kudhuru. Dini yenyewe ni changa. Mwingereza Gerald Gardner aliitangaza kwa kitabu chake Witchcraft Today mwaka 1954, miaka 3 baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya uchawi. Na neno "mpagani", ambalo kwetu ni tusi kwa asiye na dini, wao wanajiita hivyo kwa fahari.

Tena usiwatie wote kwenye kapu moja. Katika sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales, watu kama 74,000 walijiandikisha kuwa Wapagani, na kama 13,000 wakaandika Wicca. Kambini utakutana na madruidi, wafuasi wa miungu ya Skandinavia, na wengine wasio na jina la njia yao. Muulize mtu, "Wewe unafuata njia gani?" Ni swali la heshima, na litakupatia mazungumzo ya saa nzima.

Chagua msimu kwa akili. Sherehe nyingi huzunguka sikukuu 8 za mwaka. Beltane ni Mei 1, na inavutia sana, lakini usiku wa Mei hapa bado una meno. Samhain ni Oktoba 31. Hiyo iache mpaka uwe mzoefu. Kwa mara ya kwanza nakushauri Litha, siku ndefu kuliko zote, karibu na Juni 21, au Lughnasadh ya Agosti 1.

Kama bado una wasiwasi, jaribu kwanza jioni moja bila hema. Jijini Edinburgh kuna tamasha la moto la Beltane kwenye kilima cha Calton, usiku wa Aprili 30. Utaona ngoma, mienge na umati, kisha utarudi kulala kitandani. Ni onyesho zaidi kuliko ibada, lakini utajua kama moyo wako unapenda.

Kabla ya kulipa tiketi, soma kanuni za kambi mpaka mwisho. Tafuta mambo manne: watoto, pombe, picha na mavazi. Mavazi yasikupite. Baadhi ya makundi hufanya ibada bila nguo, na wenyewe huita skyclad, yaani kuvaa anga. Kambi nyingi za familia haziruhusu hilo, nyingine zinatenga sehemu yake. Kama kanuni hazisemi, waulize waandaaji. Hawatakushangaa.

Uliza pia usafiri wa Jumapili. Mabasi ya vijijini siku hiyo ni machache, na kwingine hayapo kabisa. Omba lifti mapema na changia mafuta.

Sasa kulala. Hapa ndipo wageni wengi huumia, na mimi niliumia. Mara ya kwanza nilibeba blanketi tatu nzito nikajifunika zote. Saa nane za usiku nilikuwa macho, nikitetemeka. Sikujua kwamba baridi inatoka chini. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha, na blanketi za juu hazina la kufanya.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza inunue cha kutandika. Tafuta godoro la kambi la kujazwa upepo lenye sifongo ndani, au angalau mkeka mnene wa povu. Halafu ndipo ununue mfuko wa kulalia. Soma lebo yake: fuata namba iliyoandikwa "comfort", usidanganywe na ile ya "extreme", kwa sababu hiyo ya pili ni ya kunusurika tu. Hata Juni usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Lala na soksi kavu ambazo hukuzivaa mchana. Vaa kofia ya sufu. Jaza chupa ya maji ya moto uiweke miguuni. Mfuko wa nguo zako za kesho uuingize ndani ya mfuko wa kulalia, asubuhi utashukuru.

Hema lisimamishe nyumbani kwanza, hata sebuleni. Hesabu vigingi. Kujifunza kamba ipi inaenda wapi gizani, huku mvua inanyesha, ni adhabu. Ukifika kambini epuka bondeni, maji hukusanyika huko. Usijibane pia karibu na uwanja wa moto kama unapenda kulala, maana ngoma huweza kwenda mpaka alfajiri.

Na hili nalisema kwa msisitizo: usiingize jiko ndani ya hema. Si la gesi, si la mkaa, si lile la nyama choma unalodhani limeshazimika. Ni hatari ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, tunayoijua nyumbani. Ile hewa ya sumu haina harufu, na haikuamshi.

Beba gambuti, koti la mvua, tochi ya kichwani, karatasi ya chooni ya akiba, na kikombe, sahani na kijiko chako. Beba kanga mbili au kikoi. Kanga moja utajifutia, utajifunga kwenda bafuni, utajitanda mabegani moto unapopungua. Sijaona kifaa cha kambi kinachofanya kazi nyingi hivyo kwa uzito mdogo namna hiyo. Beba pia noti ndogo kwa ajili ya vibanda vya sokoni.

Jumamosi jioni mara nyingi kuna meza ya pamoja, kila mtu na chungu chake. Peleka chakula kisicho na nyama wala maziwa, kwa sababu wengi hapo hawali vitu vya wanyama. Mimi nilipeleka sufuria ya maharage ya nazi. Mama mmoja mwenye mvi alisimama mbele yake, sahani mkononi, akitazama bila kuchota. Mwishowe akaniuliza kama kuna karanga. Hakuna, nikamwambia. Nikachukua kipande cha karatasi nikaandika: maharage, nazi, kitunguu, nyanya, manjano, chumvi. Nikakiegemeza kwenye sufuria. Muda si mrefu mwiko ulikuwa unakwangua chini.

Basi andika kikaratasi chako kabla ya kutoka nyumbani. Taja kila kitu. Kama chapati ina samli, sema ina samli.

Ukipewa chai ya mitishamba, uliza ndani kuna nini. Hasa kama unatumia dawa au una ujauzito. Mkaribishaji mzuri atakutajia majani yote bila kununa.

Tuingie kwenye duara la ibada, maana ndiko unakoogopa.

Nenda chooni kwanza. Ibada inaweza kuchukua saa nzima, na duara likishafungwa halitokwi ovyo. Mlangoni pa duara huenda ukafukizwa moshi wa mimea, kama tunavyofukiza ubani, au ukapakwa mafuta kidogo kwenye paji la uso. Hutaki kupakwa? Weka kiganja kifuani na utikise kichwa taratibu. Inatosha.

Ndani, tembea kwa kufuata mshale wa saa. Kiongozi atalichora duara kwa mkono, fimbo au kisu cha ibada, kisha pande nne zitaitwa: mashariki kwa hewa, kusini kwa moto, magharibi kwa maji, kaskazini kwa ardhi. Watu hugeuka kutazama kila upande unapoitwa. Geuka nao. Si lazima utamke lolote.

Ukizidiwa na lazima utoke, usikate tu mstari. Mnong'oneze aliye karibu nawe. Atakuja mtu "akufungulie mlango" kwa ishara ya mkono, utoke, aufunge nyuma yako. Wao wanaliona duara kama chumba chenye kuta, na wewe hupiti ukutani kwenye nyumba ya mtu.

Karibu na mwisho kikombe na mkate hupitishwa. Kikombe mara nyingi kina divai au pombe ya asali, ingawa kambi nyingi huwa na kingine cha maji ya matunda. Kama hunywi, kipokee kwa mikono miwili, kiinue kidogo, mpe anayefuata. Mara moja nilisimama kando ya kijana aliyetia kidole, akadondosha tone kwenye nyasi, akapitisha. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Kama imani yako haikuruhusu kuingia kabisa, usiingie. Amua nyumbani, si pale duara linapoanza. Mwambie mwenyeji wako Ijumaa: "Nitakuja kwenye chakula, mafunzo na moto. Kwenye ibada nitakaa hemani." Hilo ni jibu kamili. Na wewe usiwahubirie. Hukualikwa kuwaokoa.

Lakini jua mpaka wako pia. Mtu akikushinikiza uvue nguo, unywe, ukumbatiwe, ule kiapo au utoe pesa, ondoka hapo hapo na umwambie mwandaaji. Kambi iliyoendeshwa vizuri inauliza kabla ya kumkumbatia mtu, na ina watu maalumu wa kupokea malalamiko.

Usiguse vitu vya madhabahu. Kisu, kikombe, kadi za tarot, mawe, hata ngoma iliyolazwa kwenye nyasi, vyote vina mwenyewe. Uliza, na mara nyingi utapewa mkononi.

Simu izime. Sisemi uiweke kimya, nasema uizime na uiache hemani wakati wa ibada. Wapo pale walimu, wauguzi, wazazi wanaogombania malezi ya watoto mahakamani, ambao kazini na kwa familia hawajasema lolote kuhusu dini yao. Wengi hutumia jina la kambini tu. Usichimbe jina la pili wala mahali mtu anapofanya kazi.

Na picha ikishatoka huijui inafika wapi. Fikiria ikitua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mtu akaandika chini yake "wachawi wa Ulaya." Kwetu neno hilo limeua. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Usilirushe neno hilo kama mzaha, kwa watu hawa wala kwa mtu yeyote.

Usiku, kwenye moto, usitupe takataka wala vichungi vya sigara. Kwa wengi moto huo ni mtakatifu. Usipite katikati ya wapiga ngoma na moto. Wachezaji huzunguka upande mmoja, ingia polepole kama unavyoingia barabara kuu. Ukiwa na kayamba, sikiliza kwanza, kisha ingia chini chini.

Hapo ndipo mtu atakugeukia. "Wewe umetoka Afrika! Tupigie!" Kama unajua, piga. Kama hujui, sema hujui. Watakuuliza kuhusu waganga, mizimu, matambiko ya bibi yako. Waambie unachokijua kweli na uishie hapo. Usitunge mila ili kuwafurahisha. Jumatatu mtu atakuwa anaifundisha kwa wengine kama mila ya watu wa pwani, na wenyewe hawaijui. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwa sababu nimeliona likifanywa na Mswahili mwenzangu, kwa nia njema kabisa.

Jumapili kunja hema mapema, kisha zunguka mahali ulipolala ukitazama chini. Okota hata kigingi kilichopinda. Pitia kwa waandaaji uulize kama wanahitaji mikono. Kubeba meza mbili kutakufanya ukumbukwe kuliko zawadi.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuoga, jikague kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio. Watoto wakague mpaka kwenye nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, taratibu. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Wiki zinazofuata ukiona wekundu unaosambaa kwenye ngozi, au homa isiyoeleweka, muone daktari na umwambie ulikuwa kambini, maana kupe wa hapa wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme.

Halafu toa hema kwenye mfuko wake, hata kama umechoka. Litundike bafuni au kwenye kamba ya nguo mpaka likauke. Likilala na unyevu wiki moja litaota ukungu, na mwenzako ameshakwambia kwamba mwezi Agosti kuna nyingine.