X ya Kahawa: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Milinganyo Karagwe na Kyerwa

1. Anza na kitu ambacho mtoto anataka kukijua kweli. Watoto wa Kayanga, Nkwenda na Isingiro wamekulia kwenye mibuni, na wengi wanaijua butura: mkulima anauza kahawa ingali maua, kwa kuwa ada na matibabu havisubiri mavuno. Serikali imeipiga marufuku, lakini shida inayoizaa bado ipo. Basi naandika ubaoni: tuseme baba kapewa shilingi 60,000, naye atatoa gunia la kilo 50. Kauza kilo kwa bei gani? 50x = 60,000, kwa hiyo x ni 1,200. Jirani yake alisubiri. Kapeleka kilo 60 chama cha msingi cha ushirika, kakatwa 15,000, kabaki na 105,000 mkononi. 60x − 15,000 = 105,000. Wanarudisha makato kwanza, 60x = 120,000, kisha wanagawa: 2,000. Hapo maswali huanza, na mengi si ya hesabu.

2. Usifundishe "ikivuka, badilisha alama" kabla ya sababu yake. Kwenye 3x + 7 = 22, aliyekariri kuvusha hufika vizuri 3x = 15, halafu anaivusha na ile 3: x = 15 − 3, yaani 12. Kanuni kaifuata kama alivyoambiwa! Siku hizi nataka aseme kwa sauti anachofanya pande zote mbili: natoa 7 huku na huku, nagawa kwa 3 huku na huku. Inakula muda, na muda huo nautetea mbele ya mtu yeyote.

3. Jibu lirudi kwenye swali. 3 mara 12 ni 36, jumlisha 7, unapata 43. Aliyejionea mwenyewe kwamba si 22 hahitaji kalamu nyekundu.

4. Herufi inaweza kusubiri. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, hakuwa na x. Aliandika kwa maneno matupu, na sehemu kubwa ya kitabu ni mambo ya mirathi. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyetoka juzi shule ya msingi ya Kiswahili na sasa anafundishwa kwa Kiingereza, namwacha alieleze swali zima kwa Kiswahili, au kwa Kinyambo akipenda, ndipo aandike mlinganyo. Wapo wanaokwama wakiona swali la maneno, ilhali hesabu hiyohiyo wanaifanya kichwani wakimsaidia mama kuuza maharage Omurushaka.