Neno la mdomo halijengi, wala halibomoi

SWALI: Nyumba yetu ya Kiponda ni ya urithi, tumo ndugu watano. Mvua za masika zimeharibu paa, tukaamua tuvunje juu tuongeze chumba kimoja kwa matofali ya saruji. Tulimwambia sheha, akasema hakuna tabu. Juzi wamekuja maafisa wawili, wamepiga alama nyekundu ya X ukutani na kututaka tulipe faini hapo hapo, ama sivyo watabomoa. Tuna haki gani?
Msomaji, Mji Mkongwe

JIBU: Mna haki zenu, na mna kosa lenu. Tuanze na kosa, kwa sababu ndilo litakaloulizwa kwanza mbele ya ofisi yoyote mtakayokwenda.

Nyumba ni yenu, lakini sura yake ina msimamizi

Ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, ruhusa ya kujenga, kuvunja au kubadilisha jengo hutolewa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Chombo hiki kilianzishwa mwaka 1985, na leo kinaongozwa na sheria ya mwaka 2010 iliyochukua nafasi ya ile ya 1994. Mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Sheha ni kiongozi wa shehia na shahidi muhimu wa mambo ya mtaa. Anaweza kuthibitisha kwamba mnaishi hapo, ila kibali cha ujenzi hakimo katika mamlaka yake. Kwa hiyo ile "hakuna tabu" haitawakinga.

Ghorofa ya ziada inagusa urefu wa jengo, na urefu ni miongoni mwa mambo yanayolindwa, pamoja na milango ya kuchonga, roshani, mabaraza ya nje na aina ya vifaa. Suala la vifaa si urembo tu. Kuta za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimebeba boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hufyonza unyevu na kuutoa. Ukiupiga saruji, unyevu unabaki ndani, chokaa inalegea na boriti zinaoza. Uzito wa matofali juu ya kuta hizo ni hatari nyingine. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Hata kutengeneza paa linalovuja, ulizeni kwanza kwa barua. Na kwa kuwa nyumba ni ya warithi watano, ombi liwe na ridhaa ya wote, pamoja na hati za mirathi. Mrithi mmoja hana ruhusa ya kuvunja paa la watano. Kama nyumba ni ya Wakfu au ya Serikali, mpangaji asiguse ukuta bila idhini ya maandishi ya mwenye jengo, na bado kibali cha Mamlaka kinahitajika.

Afisa akibisha hodi

Sasa haki zenu. Ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha ya mtu na makaazi yake. Mkaguzi ana kazi ya kukagua, lakini mna haki ya kumwomba kitambulisho, jina la ofisi iliyomtuma na sababu ya ziara. Msimfungie mlango wala msigombane naye, maana kumzuia afisa kazi yake ni kosa jengine juu ya lile la kwanza.

Akisema simamisheni ujenzi, simamisheni siku hiyo hiyo. Kila tofali linalopangwa baada ya amri linawaondolea hoja ya kusema hamkujua. Kisha mwombeni amri hiyo kwa maandishi, ikitaja kifungu cha sheria kilichovunjwa, mnachotakiwa kufanya, muda mliopewa na pahala pa kupeleka pingamizi.

Alama ya X ni onyo. Rangi ukutani haielezi kosa wala haitaji muda, kwa hivyo peke yake haitoshelezi kuwa notisi. Ipigeni picha, andikeni tarehe, kisha mwende ofisini mkaombe barua.

Faini ya mkononi

Msilipe fedha mlangoni. Faini halali ina kifungu cha sheria, ina kiwango kinachojulikana, hulipwa kwa utaratibu wa malipo ya Serikali na hutolewa risiti. Mkiambiwa mkiri kosa ili mambo yaishe bila mahkama, someni karatasi kabla ya kutia saini, kwani kukiri kwa maandishi kunaweza kuwafungia njia ya kupinga baadaye. Afisa akidai fedha bila risiti, ripotini kwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu wa uchumi Zanzibar. Na nyinyi pia msimpe "cha chai", kwani mtoaji na mpokeaji wa rushwa wote wana kesi ya kujibu.

Kabla ya kubomolewa

Ibara ya 12 ya Katiba inahusu usawa mbele ya sheria, na ndani yake mna haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi unaogusa maslahi yenu. Jibuni notisi ndani ya muda wake, kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Elezeni mlichofanya, ombeni mkaguzi wa ufundi aje, na pendekezeni marekebisho: kuondoa matofali wenyewe, kurudisha paa kwa urefu wake wa awali, kutumia chokaa na boriti. Mara nyingi ofisi hutaka zaidi jengo lirudi katika hali yake kuliko kuona kifusi.

Mkikataliwa, ulizeni njia ya rufaa na muda wake. Mahkama ya Ardhi iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994 kwa ajili ya migogoro ya ardhi. Mahkama Kuu inaweza kuombwa izuie ubomoaji kwa muda au itengue uamuzi uliotolewa bila kufuata sheria. Kuishitaki Serikali kuna masharti yake ya notisi, kwa hiyo mwoneni wakili mapema, si siku tingatinga limeshafika.

Mtauliza: mbona majengo makubwa hayaguswi? Ni kweli kwamba hoteli iliyojengwa Mambo Msiige, Shangani, ililalamikiwa na Kamati ya Urithi wa Dunia. Lakini kosa la jirani halihalalishi lenu. Mnachoweza kufanya ni kuandika malalamiko juu ya jengo linalokiuka, na kudai mpimwe kwa kipimo kile kile.

Fidia

Ibara ya 17 inalinda mali isichukuliwe bila kufuata sheria na bila fidia. Hapa wengi wanachanganya. Serikali ikitwaa nyumba iliyojengwa kihalali ili ipitishe barabara, mwenyewe ana dai la fidia. Aliyebomolewa ukuta usio na kibali hana dai hilo kwa ukuta huo. Lakini wakivunja zaidi ya kilichotajwa kwenye notisi, au wakiharibu vyombo vyenu, hapo mna la kudai.

Nje ya Mji Mkongwe

Kwa wasomaji wa Fuoni, Tunguu au Paje, wa kuulizwa ni baraza la manispaa au halmashauri ya eneo lenu, pamoja na mamlaka za ardhi na mipango miji. Kabla ya kununua kiwanja, hakikisheni kimepimwa na matumizi yake katika ramani ni makaazi, si barabara wala eneo la wazi. Jihadharini na mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964: yalitolewa kwa kilimo, na hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na sheha haiyageuzi kuwa viwanja.

La kufanya kesho

Simamisheni fundi. Kusanyeni hati za mirathi, picha za kabla na baada, na majina ya maafisa mkiyajua. Nendeni wote watano, au mmoja mwenye barua ya wenziwe, mkaombe notisi kwa maandishi na mtaalamu wa Mamlaka aje aangalie paa. Mkishindwa gharama za wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 inawatambua wasaidizi wa sheria walioko mitaani. Nendeni kwao na karatasi zenu, maana jambo la kwanza watakalowauliza ni nini mmeandika na nini mmeandikiwa.