SOMO: Kompyuta Inapopokea Kilo za Mchumaji



Katika mashamba ya chai ya Uganda mchumaji mara nyingi hulipwa kwa kilo. Pale ambapo kitabu cha karani wa mizani kimeondolewa ikaletwa kompyuta, karani huzipiga kilo kwenye mashine, nayo hujumlisha kwa kufuata amri zilizoandikwa mapema. Mfululizo wa amri hizo huitwa skripti, na kinachozisoma huitwa sheli. Wajumbe wa matawi wajue sheli inavyopokea namba, kwa maana hapo ndipo jasho la mtu linapoweza kupotea.

Amri ya kupokea ni read. Sheli husimama ikingoja, kisha huweka chochote kilichopigwa ndani ya jina ulilolitaja. Chochote, ndugu! Karani asipoandika kitu, inapokea. Akiandika herufi O badala ya sifuri, inapokea vilevile. Amri hii si mizani, ni kapu tu. Kwa hiyo mtunga skripti lazima aweke ukaguzi:

while read -r kilo
do
  case "$kilo" in
    ''|*[!0-9]*|0*) echo "Si sahihi. Andika tena." ;;
    *) break ;;
  esac
done

Vizuizi ni vitatu, vimetengwa kwa mistari wima. Cha kwanza hukataa patupu. Cha pili hukataa alama yoyote isiyo tarakimu. Cha tatu hukataa namba inayoanza na sifuri, na hicho ndicho wengi hukiacha.

Sheli ya bash ikipiga hesabu, namba yenye sifuri mbele huihesabu kwa mafungu ya nane, si ya kumi. Andika echo $((010)) uone: jibu ni 8. Mchumaji ameleta kilo 10, karani akaandika 010 ili safu zilingane, mtu analipwa kilo 8. Kilo 025 huwa 21. Afadhali 08 na 09, maana hizo hugoma waziwazi. 010 hupita kimya, na mashine haioni haya.

Nukta nayo hukataliwa, kwa sababu bash haijui nusu. Kilo 12.5 ziandikwe kwa gramu, 12500, karani asije akaikata ile nusu.

Tawi lenye mashine ya namna hii limtake karani aandike 010 mbele ya mjumbe, kabla ya siku ya mshahara.