Kuchora Mpaka wa Busia na Malaba Bila Kuchora Kila Kitu

Kwa mchoraji, Busia ni balaa. Matrela, bodaboda, wabadilishaji fedha walioshika mabunda ya noti, trei za mayai, miavuli ya kijani ya M-Pesa upande huu wa Kenya na ya manjano ya MTN ng'ambo, Uganda, nyaya za umeme juu, vumbi chini. Anayeanza hung'ang'ania kuvichora vyote hadi karatasi ichafuke, au huingiwa na woga akawaacha watu na kuchora majengo peke yake. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi: duka la Busia lisilo na watu mbele yake laweza kuwa la Mumias au Bungoma. Tunapunguza vitu ili mpaka uonekane, kwa hiyo kile kinachoufanya uwe mpaka hakiguswi.

Beba penseli laini ya 4B, kalamu moja ya wino, karatasi na kipande cha kadibodi. Rangi ziache nyumbani siku ya kwanza.

1. Tafuta pa kukaa. Usijitandaze ndani ya eneo la ukaguzi. Maafisa wa mpakani hawapendi kamera, na daftari la michoro nalo huzua maswali: unaandika nini, nani kakutuma? Kaa nje, kwenye kibanda cha chai au baraza ya duka, umwombe mwenyewe ruhusa na ununue chai yake. Ukiulizwa, onyesha ukurasa. Watu wengi wakiona ni mchoro hucheka na kuanza kukuelekeza.

2. Iseme picha kwa sentensi moja. "Mama wa mayai anakatiza mbele ya lori." Basi, umemaliza. Sentensi ikihitaji "na pia", una picha mbili, na ya pili ina siku yake. Mtazame Patrick Mukabi, mchoraji wa Nairobi anayejulikana kwa akina mama wa sokoni: mwili wa mama mmoja hujaza turubai, na soko zima unalihisi ingawa halijachorwa. Wapo wanaokwenda njia nyingine. Joseph Bertiers, aliyeanza kwa kuchora mabango, hujaza picha zake watu hadi pembeni, na umati ndio hadithi yake. Ni njia halali, lakini ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ianze ukishaweza kumchora mtu mmoja vizuri.

3. Kata dirisha. Toboa kadibodi yako dirisha la sentimita 6 kwa 4. Funga jicho moja, lisogeze dirisha mbele na nyuma mpaka sentensi yako iingie na mengine yabaki nje. Kisha chora picha ndogo tatu au nne, kila moja isizidi ukubwa wa kiberiti. Udogo huo unakulazimisha: huwezi kuchora kioo cha pembeni cha pikipiki ndani ya kiberiti hata ukitaka.

4. Panga giza kabla ya mistari. Hapa ndipo picha nyingi hufa, kwa hiyo nenda polepole.

Fumba macho nusunusu. Maandishi ya mabango yatapotea, nyaya zitayeyuka, na yatabaki mafungu: cheupe, kijivu, cheusi. Gawa picha yako ya kiberiti kwa hayo matatu tu. Vitu viwili vyenye giza sawa vikigusana, viunganishe viwe umbo moja, hata kama kimoja ni lori na kingine ni kivuli chake. Mapaa na kuta za kituo cha pamoja cha mpaka, kile kilichozinduliwa Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kwenye picha yako ni utepe mmoja wa kijivu. Usihesabu madirisha.

Saa unayochagua hufanya nusu ya kazi. Busia iko takriban nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na jua hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo mchana. Wakati huo vivuli hujificha chini ya vitu na kila rangi inapiga kelele. Ngoja saa kumi na moja jioni. Uganda iko magharibi, kwa hiyo jua linashukia upande wa mpaka, na yeyote anayekuja kutoka ng'ambo huwa umbo jeusi lenye ukingo wa mwanga. Jua limekwisha kukupunguzia, wewe nakili.

5. Umati ni kitu kimoja. Ukichora umesimama kwenye barabara tambarare, vichwa vya watu wa kimo chako hukaa kwenye mstari mmoja, ule wa macho yako, wawe karibu au mbali. Miguu pekee ndiyo hupanda au kushuka. Chora mstari huo kwanza. Funga umati wote ndani ya fungu moja la kijivu, kisha ukingo wake wa juu uupe vichwa vichache, mwavuli mmoja, mzigo mmoja kichwani. Chini onyesha jozi mbili au tatu za miguu. Jicho litawahesabu waliobaki.

Mtu mmoja tu ndiye anayetoka nje ya fungu. Kwa Busia ningemchagua mchukuzi mwenye ulemavu anayevusha bidhaa kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu: umbo lake halifanani na la mwingine yeyote pale, na biashara ya mpaka huu haielezeki bila watu kama yeye. Mwombe ruhusa.

6. Malaba: lori moja na robo. Malaba tatizo si umati, ni foleni. Chora uso wa lori la kwanza kwa uangalifu, na kipande tu cha la pili kinachochungulia nyuma yake. Kuanzia hapo foleni yote ni kabari moja inayochongoka kuelekea daraja la mpakani, yenye mikato michache ya giza pale magari yanapoachana. Mtu wa kawaida pembeni ya gurudumu, taniboi aliyechutama kwa mfano, ataonyesha ukubwa wa chuma kile zaidi kuliko ribiti na taa ishirini.

7. Mambo madogo matatu. Sasa, na si kabla, ruhusa ya kurembesha: noti mkononi, nembo ya mwavuli, kamba ya turubai la lori. Yaweke karibu na mhusika wako. Ukitia rangi, chukua kijani au manjano, moja iongoze, vumbi jekundu lifunike mengine.

Halafu mwonyeshe picha dereva wa bodaboda aliyekuwa akikuchungulia, umuulize alichokiona kwanza. Akisema lori na wewe ulimkusudia mama, chukua kifutio ulipunguze lori giza.